Kuufuata Mto Pangani kwa gari: jinsi ya kupanga safari kutoka Moshi, Usambara na Amani mpaka baharini

Ukiwa na wiki moja ya likizo na gari linaloaminika, njia ninayoipenda kuliko zote kaskazini mashariki mwa Tanzania ni ile inayoufuata Mto Pangani. Maji ya mto huu huanzia Meru na Kilimanjaro. Mto Kikuletwa unateremka kutoka milima hiyo, Mto Ruvu unatokea upande wa Ziwa Jipe, inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto mmoja unashuka sambamba na milima ya Pare na Usambara hadi mjini Pangani unapoingia Bahari ya Hindi. Barabara kuu ya kutoka Moshi imepita bonde hilohilo kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo njia yenyewe inakupangia mambo: milima, misitu, mashamba ya mkonge, mji wa bandari, halafu ufuko. Kwenda, pamoja na michepuko, ni kama kilomita 600.

Wengi wanaopanga safari hii huanza kwa kuhesabu kilomita na kugawanya kwa siku. Hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika. Mtu anafika Lushoto usiku wa ukungu, anafika Pangani siku ambayo fungu la mchanga la Maziwe limefunikwa na maji mchana kutwa, anarudi akisema hakuona kitu. Safari hii ipange kutokea mwisho kurudi mwanzo.

Hatua ya kwanza: chagua msimu

Masika, Machi hadi Mei, ziache. Barabara ya Mombo–Lushoto ni ya lami, lakini imechongwa ubavuni mwa mlima na mvua kubwa huangusha udongo na mawe juu yake. Njia ya kupanda Amani ni ya udongo, na magurudumu huteleza. Vuli ya Oktoba hadi Desemba si kali hivyo, ila haitabiriki.

Inabaki misimu miwili mizuri. Juni hadi Septemba kuna ubaridi; Lushoto ya Julai inahitaji sweta zito na blanketi, na watoto wavalishwe soksi. Ni wakati wa machungwa ya Muheza pia. Lakini kusi inavuma, bahari inachafuka, na safari ya mashua inaweza kuahirishwa. Januari na Februari pwani kuna joto kali, ila kaskazi ni pepo ya upole zaidi, maji yanakuwa maangavu na milimani njia zimekauka. Kwa mtu anayetaka bahari na milima kwa pamoja, nachagua Februari bila kusita. Amani peke yake haina msimu wa kuaminika: kule hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo koti la mvua libebwe mwezi wowote.

Hatua ya pili: tazama mwezi, kisha hesabu kurudi nyuma

Maziwe ni fungu la mchanga baharini, mbele ya Pangani na Ushongo. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Bahari ikakila, miti ikaisha, na sasa maji yakijaa hakuna pa kukanyaga. Kasa bado wanapanda kutaga hapo, na kwa sababu mayai yangezama, huhamishiwa ufuko wa Ushongo. Ni eneo tengefu la bahari, na matumbawe yanayolizunguka ndiyo sababu ya watu kwenda na miwani ya kuzamia.

Kwa kuwa fungu huonekana maji yakipwa, siku ya kwenda inaamuliwa na mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua huwa kubwa: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata muda husogea mbele kwa karibu saa nzima. Maana yake siku ya mwezi mpevu au mwandamo, na mbili tatu zinazofuata, unaondoka asubuhi ukiwa umekunywa chai, unalikuta fungu limeanikwa lote, na unarudi kabla jua halijawa kali mno. Siku za maji mafu, katikati ya mwandamo na mpevu, kupwa kunaangukia alfajiri na jioni, na hata hivyo maji hayaendi mbali. Siku hizo usilipe mashua.

Sasa chukua kalenda. Tia alama siku ya mwezi mpevu au mwandamo: hiyo ndiyo siku yako ya Maziwe, na iwe siku ya saba ya safari. Rudi nyuma siku sita, hapo ndipo unapoondoka Moshi. Usiku utagawanyika hivi: Lushoto mbili, Amani mbili, Tanga mmoja, Pangani mbili. Siku ya nane unaanza kurudi. Ukichagua mwezi mpevu, utakuwa na mbalamwezi inayokua kila jioni ukiwa milimani. Ukichagua mwandamo utapata giza na nyota, ambazo kutoka ukingo wa Irente, Lushoto, ni za ajabu.

Kwa mwenye siku chache, punguza kituo kizima na vinavyobaki viache na usiku wake. Ondoa Tanga, au ondoa Amani kama gari ni la chini. Usiku mmoja Lushoto ni kujichosha bure, kwa sababu siku ya kufika huwa imeliwa na barabara.

Kama tarehe zinaangukia Ramadhani, safari inawezekana na jioni za pwani mwezi huo zinapendeza. Ila mchana migahawa mingi ya Tanga na Pangani hufungwa, kwa hiyo beba chakula cha watoto na wakale faragha.

Hatua ya tatu: gari

Kwa barabara kuu, Lushoto, Tanga na Pangani, gari dogo kama IST linatosha wakati wa kiangazi. Amani inataka gari lililoinuka. RAV4 au Noah yenye kuvuta magurudumu yote itakuondolea wasiwasi. Kama mpango ni kurudi kupitia Hifadhi ya Saadani, chukua gari la magurudumu manne kwelikweli, maana udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna huruma.

Wiki moja kabla ya safari, mpelekee fundi akague breki kwanza: pedi, mafuta ya breki, na hendibreki. Kisha maji ya rejeta, shokapu, na tairi zote tano. Nasema tano kwa sababu spea isiyo na upepo ni mzigo tu. Hakikisha jeki na spana ya tairi vinafanya kazi kwenye gari hilo hilo. Trafiki watataka kuona leseni, bima hai, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu mbili za tahadhari.

Mwendo ndio unaowaponza wengi. Vijiji vimepangana barabara nzima kutoka Mwanga hadi Korogwe, na kila kimoja kina kibao cha 50 mwanzoni na kibao cha kuondoa 50 mwishoni. Kati ya vibao hivyo hakuna mjadala, na tochi za trafiki huwa zimejificha kivulini. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa moja, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, siyo mkononi. La muhimu zaidi ni kwamba watoto wanavuka hapo kwenda shule. Hesabu Moshi hadi Mombo, kama kilomita 230, kuwa saa nne.

Hatua ya nne: pesa na mafuta

Chukua kilomita, gawanya kwa kilomita ambazo gari lako hula kwa lita moja, kisha ongeza robo kwa ajili ya kupanda milima. Gari la kilomita 10 kwa lita litataka lita 60 kwa njia hii, na ukiongeza robo ni 75, mbali na kurudi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo angalia ya mwezi wako. Mikoa ya kaskazini hupata mafuta yanayoshushwa bandari ya Tanga, ndiyo maana bei ya Tanga mjini huwa nafuu kuliko Moshi au Lushoto. Jaza tenki Moshi, ongeza Mombo kabla ya kupanda, kisha jaza tena Tanga kabla ya kwenda Pangani.

Hifadhi za serikali hupokea malipo ya kielektroniki. Beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti ya Afrika Mashariki, kwa kuwa tozo ya mwananchi na ya mgeni zinatofautiana mno. Fedha taslimu zitunze kwa ajili ya waongoza wageni wa vijijini, sokoni na mashua.

Moshi hadi Lushoto

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kilimanjaro huwa haijajifunika wakati huo, na utaiacha nyuma yako kwenye kioo. Anayekaa kiti cha mbele kushoto ndiye mwenye bahati: Pare yote na kisha Usambara vinapita upande wake. Upande wa dereva ni tambarare, mkonge, na mbali kidogo mstari wa kijani unaoonyesha mto unakopita.

Same ni mahali pa kunyoosha miguu. Hapo ndipo ilipo njia ya kwenda lango la Zange la Hifadhi ya Mkomazi, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa 2008 na inayojulikana kwa faru weusi na mbwa mwitu. Ukitaka kuiingia, ongeza usiku mmoja Same. Usijaribu kuibandika kwenye siku ya Lushoto.

Kula Mombo, ambako mabasi mengi husimama, kisha kunja kushoto. Kilomita 33 zinazofuata ni miongoni mwa barabara nzuri kuliko zote nchini, na zinataka heshima. Wajerumani ndio waliofungua njia hii kwenda mji waliouita Wilhelmstal, Lushoto ya leo. Unapanda karibu mita elfu moja, korongo likiwa upande mmoja na mwamba upande mwingine. Piga honi kwenye kona usizoona mbele, mpishe anayepanda na mzigo, na usimpite mtu kwa pupa. Soni, karibu nusu ya njia, kuna maporomoko ya maji yanayoonekana barabarani na wauza matunda: mapeasi, plamsi, pichesi kwa msimu wake. Nunua hapo.

Fika kabla ya saa kumi alasiri. Jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na milimani giza hutangulia.

Lushoto

Siku yako nzima ya Lushoto igawe mara mbili. Asubuhi nenda Msitu wa Magamba na mwongoza wageni, ukiwa na viatu vya kukanyagia matope. Ni msitu wa asili wenye ubaridi na mbega wanaorukaruka juu, na ukimya wake ni wa kukufanya ushushe sauti. Mwongoza wageni si anasa. Anajua njia zilizofungwa, anajua majina ya miti kwa Kisambaa, na fedha unayompa inabaki kijijini.

Alasiri nenda Irente, kilomita chache kutoka mjini. Mlima unakatika ghafla na chini yako ni tambarare yote ya Mazinde na mashamba yake ya mkonge, barabara uliyopita jana ikiwa kama uzi. Kaa tangu saa kumi hadi magharibi. Hakuna ukuta wa kutosha kwenye miamba, hivyo watoto washikwe mikono. Shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri, linauza jibini, mkate na jamu. Agiza chakula chao mapema.

Mtae, kijiji kilichokaa kwenye mgongo wa mlima kama kilomita 60 kutoka Lushoto, kina mandhari ya Mkomazi na Pare ambayo sijaona mfano wake. Lakini njia ni mbovu na ndefu. Kulala kule ni lazima, kwa hiyo mwenye siku kumi aiweke, mwenye nane aiache.

Kushuka, kisha Muheza na Amani

Kushuka Mombo ni kazi ya injini. Weka gia ya pili tangu juu. Kwenye gari la otomatiki sogeza kwenye 2 au L. Ukiishikilia breki muda wote inapata moto na kulegea, na harufu ya kuungua ndiyo onyo la mwisho. Ukiisikia, egesha mahali pana, subiri nusu saa, usimwagie maji.

Pita Korogwe, kisha Segera kunja kushoto kwenda Tanga. Karibu na Hale mto unashuka kwa kishindo na kuzungusha mitambo ya umeme: kituo cha Hale cha 1964 na kile cha New Pangani Falls kilichoanza 1995. Muheza simama ununue machungwa kwa gunia dogo, halafu kunja kushoto kuelekea Amani.

Ni zaidi ya kilomita 30, na kipande cha mwisho baada ya lango la Sigi ni cha kupanda kona kwa kona msituni. Ingia mapema mchana. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa 1997, lakini bustani yake ya mimea ina asili ya 1902, Wajerumani walipofungua taasisi ya utafiti wa kilimo na kupanda hapo miti kutoka pembe zote za dunia. Leo utaona miti ya kinini, mpira na viungo ikiwa imesimama pamoja na miti ya asili ya Usambara. Maua madogo ya zambarau yanayopambwa madirishani Ulaya, saintpaulia, yalitoka misitu hii. Afisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyatuma kwao mwishoni mwa karne ya 19. Yatafute kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito, na usiyang'oe.

Kuna nyumba za kulala za hifadhi Sigi na Amani. Agiza kabla, na uulize kama chakula kinapikwa au ubebe cha kwako. Usiku mmoja tembea na mwongozaji mwenye tochi. Vinyonga hulala kwenye ncha za matawi wakiwa weupe mwangani, na mtoto aliyeona hilo hasahau. Asubuhi yake panda kwenye mashamba ya chai. Nunua hiliki na pilipili manga kwa wakulima wenyewe. Mtandao wa simu ni wa kubahatisha, kwa hiyo waage watu wako Muheza na upakue ramani mapema.

Na ukiwa Sigi, jua kwamba mto unaouvuka unakwenda bwawa la Mabayani, ambako jiji la Tanga linapata maji yake. Kila kiingilio unacholipa hapa kinachangia kulinda bomba la watu wa kule chini.

Tanga, kwa ufupi

Usiku mmoja unatosha. Asubuhi mapango ya Amboni, kama kilomita nane kaskazini mwa mji, na mwongozaji wa hapo na viatu visivyoteleza. Jioni tembea Raskazone upate upepo na mishkaki. Jaza mafuta, toa fedha taslimu, nunua maji.

Siku ya kuondoka fuata barabara ya Pangani na usimame Tongoni. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yanayotazama bahari, na mtunzaji wa kukueleza. Meli ya São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu ya ghuba hii Aprili 1498 maji yalipokupwa, ikaelea tena yalipojaa.

Pangani

Kutoka Tanga ni kama kilomita 50. Mji ni mdogo, wa kutembea kwa miguu, na inafaa kuupitia na mtu wa hapo, kwani nyumba zake za zamani hazina vibao. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza kutoka hapa upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na hapa ndipo walipomnyonga Desemba 1889. Ng'ambo ya mto iko Kikogwe, ambako mkonge wa kwanza ulipandwa 1893: vichipukizi 1,000 vilisafirishwa, vikafika hai 62, na mashamba yote uliyoyaona tangu Mazinde ni uzao wao.

Mjini vaeni mavazi ya staha. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Msiogelee mtoni hata kidogo, kuna mamba. Lakini mwende na mashua juu ya mto alasiri moja, mkipita mikoko na minazi.

Kuvuka kwenda Bweni na Ushongo kumekuwa kwa kivuko miaka yote, na ujenzi wa daraja la mita 525 ulianza mahali hapo katika mradi wa barabara ya pwani. Ukiwa Tanga, uliza nahodha au mwenye nyumba ya wageni njia ya siku hiyo na saa ya mwisho ya kuvuka.

Siku ya Maziwe kubaliana na nahodha jioni iliyotangulia: bei ya mashua nzima, tozo ya hifadhi ikiwemo au la, saa ya kuondoka, na saa ya kurudi. Hakikisha kuna jaketi la kuokolea la kila mtu, la mtoto liwe la mtoto. Fungu halina kivuli. Beba mwavuli, maji mengi, na nguo ya mikono mirefu. Msikanyage matumbawe, na nahodha akisema maji yanageuka, ondokeni wakati huohuo.

Kurudi

Mwenye gari dogo arudi Tanga, Segera, kisha achague Moshi au Chalinze. Mwenye gari la magurudumu manne, kiangazi, avuke mto na kushuka Saadani, hifadhi ya taifa pekee nchini inayogusa Bahari ya Hindi, alale humo, halafu atokee Mandera kwenye barabara kuu. Kutoka Msata kuna lami ya kilomita 64 hadi Bagamoyo, na Dar es Salaam iko mbele kidogo.

Ukifika nyumbani, gari lioshwe kwa maji baridi chini ya uvungu, siyo bodi tu, kabla wiki haijaisha. Chumvi ya Ushongo na matope ya Amani hukaa kwenye mabomba ya breki na kuyala. Mwambie fundi atazame pedi tena.